Kichwa cha Tela

"Mzee Mafuru, sasa hayo maji unayaleta lini?"

Aliyeuliza alikuwa mpita njia tu, anasukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, na wala hakusimama kusubiri jibu. Geofrey Mafuru alikuwa amelala chali chini ya tela, kutu inamdondokea machoni, na swali hilo alishaulizwa na nusu ya Bigwa tangu chuma kile kishushwe uani kwake. Tela la kubebea mashua, chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo maji yote yanapita mbio kwenda kwingine! Watu wangeachaje kucheka?

Alilinunua kwenye mnada wa vyuma chakavu wa ofisi aliyostaafia. Miaka yote alipokuwa bwana samaki, tela hilo ndilo lililopeleka boti la kazi bwawani na kulirudisha. Boti likaoza, tela likaachwa nyuma ya stoo hadi nyasi zikaota katikati ya rola zake za mpira. Siku ya mnada wenzake waligombania viti na kabati. Yeye akaondoka na tela. Mkewe Esther alilizunguka mara moja, akashika kiuno.

"Baba Furaha, hili lina mkia mrefu halafu halina tumbo. Ndizi zangu utaziweka wapi?"

"Tumbo nitaliweka mimi."

Alilisema hilo kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, na Esther akalisikia. Kiwanja kile ni cha ukoo wa Esther. Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na Geofrey, mtu wa Majita kule Ziwa Victoria, alioa akakaa kwa wakwe. Nyumba aliijenga kwa mshahara wake, lakini imesimama juu ya ardhi ya wakwe. Migomba ni ya mke. Land Rover kuukuu ni ya mke pia, aliachiwa na marehemu mjomba wake. Watoto nao wanahesabiwa kwa mama yao. Alipokuwa kazini mambo hayo hayakumsumbua, kwa kuwa kila asubuhi alikuwa na mahali pa kwenda. Alipostaafu akajikuta anakula ndizi za mkewe, juu ya ardhi ya mkewe, na ingawa hakuna aliyemsimanga, alijisimanga mwenyewe kila alipokaa mezani. Tela ndicho kitu pekee uani pale ambacho angeweza kukinyooshea kidole akasema, hiki changu.

Tena lilikuwa na kazi ya kufanya. Esther alikuwa amepata tenda ya kupeleka matunda katika shule moja ya bweni ya masista mjini, kila Jumamosi, kabla ya chakula cha mchana. Hadi hapo alikuwa akikodi kirikuu kule Matombo mlimani, anakokusanya matunda, na dereva alikuwa akipakia kwanza wateja wote wa njiani, ndizi zikifika mjini zimeiva hadi zimekuwa nyeusi. Sista wa stoo alisema wazi: Jumamosi hii ni ya majaribio, mkichelewa tunamchukua mwingine. Esther hakulala vizuri wiki hiyo. Geofrey alilala vizuri sana, kwa sababu alikuwa na tela.

*

Kuligeuza hakukuwa lelemama. Kwanza alizing'oa rola na kiwinchi cha kuvutia boti kilichoganda kwa kutu, kisha akakata kwa grenda vyuma vyote vilivyopinda kufuata tumbo la mashua. Mkewe alikuja na kikombe cha chai, akakuta yamebaki magurudumu mawili na mchi mrefu wa chuma wa kuvutia.

"Sasa si umelimaliza kabisa?"

"Subiri."

Akakodi mashine ya kuchomelea, akalaza vyuma vya engo kimoja baada ya kingine hadi likapata mbavu. Beringi zilizokunywa maji ya bwawa akazitupa, akaweka mpya. Esther akawa msaidizi. Alishika futi, akashika mbao, akashika na ulimi pale ilipobidi, ambapo si mara nyingi. Wanaume wengi wanaojenga kitu nyumbani humfukuza mke jikoni. Huyu alimwita, na kwa kweli kazi ilikwenda kwa raha. Walikuwa wakibishana kuhusu misumari kama watu waliooana juzi.

Mgogoro ulikuwa kwenye ekseli. Tela la mashua magurudumu yake yako nyuma kabisa, maana injini ya boti inakaa nyuma. Ukiliwekea sanduku la mizigo bila kuyasogeza, uzito wote unaliangukia gari. Geofrey alilijua hilo, akaisogeza ekseli mbele, akaisogeza na zaidi kwa kujiamini. Wakapakia magunia ya mchanga kulijaribu. Esther alikuwa amekaa kwenye mchi wa mbele, anafunga kilemba. Gunia la mwisho lilipotua nyuma, mchi ukapanda juu, na Esther naye.

"Baba Furaha! Nishushe!"

"Tulia, usiruke!"

"Nitatuliaje nipo hewani?"

Geofrey alicheka hadi grenda ikamponyoka. Akatoa gunia moja, mkewe akashuka taratibu kama malkia, akamchapa kwa kilemba. Ekseli ikarudishwa nyuma shibiri moja, na hapo tela likakaa sawa. Akalipigilia sakafu ya mbao, akaliwekea kuta zinazofunguka kwa bawaba, akalipaka rangi ya kijani. Yule wa mkaa alipopita tena hakusema kitu. Alitazama tu, na Geofrey akalala siku hiyo amefurahi.

Kilichobaki ni kichwa cha tela, lile bakuli la chuma linalokaa mwisho wa mchi na kubana tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Bila hicho tela ni kitanda tu. Alikifungua, akakilowesha mafuta, akakisugua, na Alhamisi mchana akakiweka juani juu ya boksi kikauke rangi.

*

Lukasi aliingia uani bila kupiga hodi. Ni mfupi, mkulima wa ndizi na karafuu kule Matombo, wa ukoo ambao na ukoo wa Esther ni watani tangu enzi za mababu. Gunia lilikuwa begani, buti zina matope ya mlimani. Alipanda moja kwa moja kwenye tela, akakaa katikati ya sakafu mpya.

"Shemeji, hongera. Tela letu limependeza."

"Lenu?"

"Letu. Tumelisubiri sana."

Geofrey alicheka kwa adabu, huku anayatazama yale matope. Alijua Lukasi ni mtani wa mkewe, na kwamba watani husema maneno yasiyosemeka. Ila hakuwahi kuona kwamba hilo linamhusu yeye. Akaingia ndani kuleta chai. Alipotoka na chupa na vikombe, Lukasi alikuwa anakifunga kichwa cha tela ndani ya gunia lake.

"Shemeji, hicho kina rangi mbichi."

"Itakaukia njiani. Nakipeleka Matombo. Tela lisilo na kichwa halitembei, litatusubiri hapa hapa. Mwambie dada Esther mtani wake amekuja."

Akashika kikombe kimoja, akanywa chai yote amesimama, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akatoka. Geofrey alibaki ameshika chupa ya chai. Alipoelewa kwamba yule mtu anaondoka kweli na akakimbilia barabarani, bodaboda ilishakunja kona na Lukasi anampungia mkono kutoka nyuma.

*

Hakumsubiri Esther arudi kutoka sokoni. Alikwenda moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi, Mama Sharifa, ambaye jioni hukaangia vitumbua mbele ya nyumba yake. Foleni ya wateja ilikuwepo, na Geofrey, kwa hasira, hakungoja iishe.

"Balozi, nimeibiwa. Nataka barua ya kwenda polisi."

"Yarabi! Nani tena?"

"Lukasi. Wa Matombo. Kaingia kwangu mchana, kachukua chuma cha tela langu, kanywa na chai yangu."

Mama Sharifa aligeuza kitumbua kimoja, akageuza cha pili. "Lukasi huyu mtani wa mkeo?"

Foleni ikacheka. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto akasema, "Na chai kanywa! Mzee, ungempa na andazi." Masikio ya Geofrey yakawaka. Miaka thelathini ya utumishi wa serikali, na leo anachekwa mbele ya karai la vitumbua.

"Nimesema nataka barua."

"Nitakuandikia, baba, kalamu hii hapa. Ila nisikilize kwanza." Balozi alipunguza sauti, kwa kumwonea huruma. "Mtani hachukui kitu cha mgeni. Akichukua cha mgeni, huyo ni mwizi, tutamkamata. Akichukua cha nyumba ya Esther, hakuna kesi hapo, mnakwenda kukikomboa yanaisha. Sasa niambie. Niandike kwamba wewe ni mgeni nyumbani kwa mkeo?"

Foleni nzima ikamgeukia, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Geofrey akapima majibu. Kusema ndiyo ni kumtia Lukasi ndani, na kujitoa mwenyewe nje. Kusema hapana ni kukubali kwamba tela, kitu chake pekee, nalo limeingia katika mali za ukoo wa watu.

"Nipe vitumbua vya elfu," akasema, ingawa havipendi.

*

Esther alishapata habari njiani. Alikuwa amekaa kwenye sakafu ya tela, pale pale kwenye matope ya Lukasi, anajifuta machozi ya kicheko. Alipouona uso wa mumewe akaacha.

"Unacheka?" Geofrey alisema. "Keshokutwa ndiyo Jumamosi. Nitanunua kingine kesho asubuhi."

"Kanunue. Watakuja kuchukua na matairi."

"Kwa nini mimi? Nimewakosea nini?"

Esther alichukua kitumbua, akakigawa, akampa nusu.

"Ulipomzika mama."

Mama mkwe alikuwa amefariki mwaka uliopita, na Geofrey alimzika kule Matombo kama mama yake mzazi. Turubai, viti, wapishi, fulana zenye picha. Na ili wakwe zake wasisumbuke, alileta vijana wa kulipwa kutoka Mkuyuni, wakachimba kaburi na kulisakafia ndani ya siku moja. Alijivunia kazi ile.

"Kaburi la mtu wetu wanachimba watani," Esther alisema. "Ni kazi yao. Ndiyo haki yao, na siku hiyo wanatukana, wanamwigiza marehemu, wanachukua kuku wa watu, wanatuchekesha tusife na sisi. Walishuka na majembe yao, wakakuta shimo tayari. Wakasimama nayo mabegani. Wakala wali wetu, wakaondoka kimya."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa umetoa akiba yako yote. Ulikuwa unalia kuliko kaka zangu." Akameza. "Tangu siku ile nikikutana nao wananiambia, shikamoo mheshimiwa. Lukasi ananiita mheshimiwa! Mtani akikuheshimu, Baba Furaha, ujue amekufuta. Mwaka mzima nimepita Matombo naheshimiwa kama mkuu wa wilaya, nikifika nyumbani nalia bafuni. Leo naambiwa Lukasi kaja kaiba chuma chetu, nimecheka hadi nimekaa chini barabarani. Wameturudia."

Geofrey alitafuna kitumbua polepole. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, tofauti na ile ya kwenye foleni. Mwanamke huyu alikuwa amelia bafuni mwaka mzima ili yeye aendelee kujivunia kaburi.

"Hicho chuma kinakombolewaje?" akauliza.

"Kwa jogoo. Na kwa kuvumilia."

*

Ijumaa walipanda Matombo na Land Rover, jogoo mmoja miguuni pa Esther na dumu la pombe nyuma. Kichwa cha tela walikiona kabla hata ya kuzima gari. Kilikuwa kimefungwa kamba, kimevikwa shingoni mwa mbuzi wa Lukasi, na mbuzi hakufurahi.

"Karibu, samaki!" Lukasi aliita. "Umepandaje mlima bila mapezi?"

Ukoo mzima wa watani ulikuwepo. Aliyeongoza ni Bibi Kristina, dada mkubwa wa Lukasi, mnene, mkongojo mkononi. Geofrey alimwamkia. Bibi hakuitikia. Alimzunguka, akamnusa bega.

"Harufu ya dagaa haijatoka. Esther, huyu hukumwanika vizuri."

"Nimejitahidi, mtani," Esther alisema, uso unang'aa. "Na wewe hicho kiuno ulichokopa lini unakirudisha?"

Watu wakapiga makofi. Geofrey alikuwa ameshika jogoo kwa miguu, hajui ampe nani, jogoo anamnyea suruali, na kila alichojaribu kusema kilikuja na lugha ya ofisini. "Ndugu zangu, nimekuja kwa nia ya kurekebisha..." Wakamwigiza. Mzima mzima, na kukohoa kwake, na kushika mkanda kwake. Alisimama akavumilia kama alivyoagizwa, mpaka Bibi akampokea jogoo.

Kisha Lukasi akachukua jembe, wengine wakachukua yao, wakashuka wote hadi kaburini, kwenye mteremko nyuma ya misheni.

Vijana wa Mkuyuni walikuwa wamesakafia bila kuacha njia ya maji. Mvua za masika zilipita chini ya saruji, upande mmoja ukazama, ufa ukapita katikati. Geofrey hakuwa ameuona. Aliinama, akaupima kwa kidole.

Bibi Kristina ndiye aliyesema. Alijilaza chini kando ya kaburi, mwili mzima, mkongojo kifuani, akafumba macho. Sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mama mkwe, ile ile ya puani, yenye kuvuta maneno.

"Mkwe wangu weee! Mkwe wangu Geofrey! Umenipikia wali mzuri, lakini umenilaza juu juu kama dagaa wa kuanika! Maji yananipita mgongoni! Niletee hata mtumbwi!"

Geofrey alicheka. Kilianza kicheko, kikaja na kilio, akashindwa kuvitenganisha, akakaa chini kwenye nyasi. Alimpenda yule mama. Ndiye aliyemwambia Esther, siku wengine wote walipoikataa posa yake, kwamba kijana wa mbali naye ana tumbo na ana mama. Mwaka mzima hakuwa amesikia sauti ile. Bibi Kristina alifumbua jicho moja, akaona, akaendelea.

"Msilie, mtaongeza maji!"

Watani wakafanya kazi yao. Wakabomoa saruji, wakachimba mfereji upande wa juu, wakapanga mawe, wakitukanana na kuimba. Geofrey aliomba jembe wakamnyima, akaomba tena, Lukasi akampa karai abebe udongo. Alibeba hadi shati likalowa. Jua lilipokuwa linainama mbuzi alivuliwa mkufu wake, na kichwa cha tela kikatupwa kwenye Land Rover bila hotuba.

*

Jumamosi alfajiri tela la kijani lilipanda mlima kwa mara ya kwanza, likiruka kwenye mashimo lakini halivuti gari huku wala kule. Lukasi na wenzake walikuwa wameshazikusanya ndizi, mananasi na machungwa kando ya njia. Walipakia wao. Geofrey alipotaka kupanga mikungu, alisukumwa kando.

Walipomaliza, Lukasi aliligonga tela ubavuni, akalikagua, akasema kwa sauti wote wasikie:

"Tela ni zuri. Lakini shemeji, tusikilizane leo. Siku yako ikifika, ukituletea tena wachimbaji wa kulipwa, tutakufukua tukuzike upya. Na tela tutachukua."

Esther aliacha kufunga kamba. Watoto wao wote wanalijua agizo la baba yao: akifa, asafirishwe Majita, kwa gharama yoyote, akazikwe kando ya ziwa kwao. Alilitoa agizo hilo zamani, akalirudia kila Krismasi, na mkewe hakuwahi kulibishia, ingawa kila mara lilimchoma. Maana yake miaka yote ile alikuwa anaishi na msafiri.

Geofrey alipangusa mikono kwenye suruali. Alimtazama Lukasi toka kofia hadi buti, akachukua muda wake.

"Mtachimba nyinyi? Kwa miguu hiyo mifupi?" akasema. "Ukiingia kaburini, Lukasi, nani atakutoa? Mimi ni mrefu. Chimbeni kirefu, na mniweke upande wa juu wa Mama, nisije nikaloa."

Kelele zilizopigwa hapo zilimtoa padri nje ya nyumba yake. Bibi Kristina alitupa mkongojo. Lukasi alijishika mbavu, akamkumbatia shemeji yake kiunoni, ambako ndiko alikoishia, akamwita mbwa wa majini.

Walifika shuleni kengele ya chakula haijalia. Lakini kabla ya hapo, walipokuwa wanateremka kuelekea Mkuyuni, Esther aliegemea mlango, mkono dirishani.

"Baba Furaha."

"Naam."

"Yale uliyowaambia. Ulikuwa unawatania?"

Geofrey alibadili gia, akaangalia kwenye kioo kama tela linafuata vizuri.

"Utawapigia watoto uwaambie," akasema. "Mimi nitashindwa kuanza."

Esther aligeukia dirishani. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na barabara ile ni mbovu, kwa hiyo Geofrey akapunguza mwendo.